Dakika Tano Mezani Hazitoshi Kukijua Kisu

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 baharia mmoja wa Marekani, Bob Loveless, aliingia katika duka la Abercrombie & Fitch jijini New York akitaka kisu cha Bo Randall, fundi wa Florida ambaye kazi yake ilisifiwa sana na wawindaji na wanajeshi. Akaambiwa foleni ni ya miezi tisa. Loveless hakupanga foleni. Alitafuta springi ya gari la Packard la mwaka 1937 kwenye chuma chakavu, akaifua kwa moto wa jiko la meli aliyokuwa akifanyia kazi, na kuanzia 1954 naye akawa mtengenezaji wa visu. Hadi anafariki mwaka 2010 alikuwa miongoni mwa mafundi wa visu wanaoheshimiwa zaidi duniani, na visu vyake navyo vilikuwa na foleni.

Kisa hicho husimuliwa kumsifu mtu asiyekubali kushindwa. Mimi kinanivuta kwa upande mwingine. Kinaonyesha jinsi biashara ya visu vya mkono ilivyozoea, tangu enzi hizo, kumtaka mteja alipe kisha angoje kitu ambacho hajawahi kukikamata. Leo foleni imehamia kwenye simu, picha ni nzuri na video zipo, lakini mteja bado ananunua kwa macho. Hoja yangu ni kwamba kumwachia mtu kisu akitumie kabla hajakinunua ni sehemu ya kukisanifu, sawasawa na kuchora umbo lake au kuchagua chuma chake. Mafundi wengi wameiweka kwenye fungu la mauzo na ukarimu, ndiyo maana huwa ya kwanza kuachwa pesa zikipungua.

Tuelewane kwanza tunazungumzia kisu gani. Si cha jikoni, na si jambia la kutundika ukutani. Ni kile cha kiunoni, makali yake urefu wa sentimita 10 au zaidi kidogo, kinachotakiwa kuchonga vigingi vya hema, kupasua kuni ndogo, kuchuna mnyama, kukata kamba na kumenya embe, vyote siku moja. Viwanda vilishalijibu hitaji hilo zamani, tena kwa bei ndogo. Kule Mora, Sweden, kampuni inayojulikana leo kama Morakniv ina mizizi ya mwaka 1891, na visu vyake vyembamba vyenye mpini wa plastiki vinakata vizuri kiasi kwamba hakuna fundi wa mkono anayeweza kupambana navyo kwa bei. Kwa hiyo anayelipa pesa nyingi kwa kisu cha mkono halipii ukali. Ukali upo dukani. Analipia kile ambacho kiwanda hakimpi, yaani chombo kilichopimwa kwa mkono wake na kwa kazi yake. Sasa kama fundi hajauona mkono huo wala kazi hiyo, amepima nini?

Mara nyingi amepima picha. Picha ya kisu huonyesha mishipa ya mti wa mpini, mng'aro wa chuma, ribiti za shaba, ala ya ngozi iliyoshonwa kwa uzi mweupe. Haionyeshi unene wa chuma nyuma ya makali, na huo ndio unaoamua kama kisu kitapenya au kitakwama. Chuma cha milimita 5 au 6 hutoka kishujaa kwenye picha. Ukikitia kwenye kijiti kinapasua badala ya kuchonga, kwa kuwa kimeshakuwa kabari. Cha milimita 2.5 huonekana cha kitoto, na kinafanya kazi kutwa bila kumchosha mtu. Fundi anayeuza kwa picha hujifunza haraka kipi kinapendwa, na mwaka hadi mwaka visu vyake vinanenepa. Kwenye mgongo anaongeza meno ya kuzuia gumba lisiteleze. Mbele ya mpini anaweka kinga ya vidole kubwa kama ile ya visu vya sinema, ambayo itamzuia mtumiaji kukilaza kisu kwenye ubao akikata kitunguu. Hajamdanganya mtu. Amewasikiliza wateja wake kwa uaminifu kabisa, ila wateja wenyewe walikuwa wakitazama tu.

Linganisha na umbo lililompa Loveless jina kubwa kuliko mengine yake: kisu cha mwindaji ambacho mgongo wake unateremka taratibu kuelekea mbele, ncha ikakaa chini ya usawa wa mgongo. Hakulivumbua peke yake, ila yeye ndiye aliyelisambaza. Sababu yake huiona mtu mara moja akipewa mbuzi wa kuchuna. Unapofungua tumbo, ncha iliyonyanyuka hutafuta utumbo. Ukiutoboa, nyama inaharibika na kila aliyekaa karibu anakutazama. Ncha iliyoshushwa hupita juu ya utumbo ikifuata ngozi, na kidole cha shahada kinaweza kulala mgongoni kuiongoza. Umbo hilo lina maana mkononi. Mezani ni kisu cha kawaida tu, hakina hata kitu cha kukufanya usimame ukitazame.

Dawa inayotajwa na kila mtu ni maonyesho. Yale ya Atlanta, Marekani, huvuta mafundi na wanunuzi kutoka pande zote za dunia, na hoja yao ni ya wazi: njoo ukishike mwenyewe. Mteja anakikamata kisu, anakipima uzito, anakigeuza, anagusa makali kwa gumba kwa uangalifu, anakirudisha. Fundi anafuta alama za vidole kwa kitambaa laini na kumgeukia anayefuata. Hapa ndipo ninapoachana na wengi. Jaribio la aina hiyo linaweza kupotosha kuliko picha, kwa sababu picha haidai kukueleza chochote kuhusu mkono wako, ilhali dakika tano za kushika zinadai zimekueleza kila kitu.

Chukua mpini wenye mabonde ya vidole. Ukiushika mezani unapendeza mno: kila kidole kimepata kitanda chake, kiganja kimejaa, unahisi fundi alikuwa akikuwaza wewe. Ushike ule wa kisu cha Kifini, puukko, ambacho mji wa Kauhava, Finland, umejulikana nacho tangu karne ya 19. Ni mti wa betula uliolainishwa, mnene kidogo katikati, mwembamba mbele na nyuma, bila kinga ya vidole, bila bonde lolote. Mkono hauhisi kitu. Utauweka chini na kuchukua ule wa mabonde.

Halafu nenda ukafanye kazi. Chukua kijiti kikavu cha unene wa kidole gumba, uchonge maranda membamba yanayojikunja lakini yasidondoke, yale ya kushikia moto siku ya mvua. Unaanza na ngumi kamili, mkono umenyooka. Baada ya maranda kadhaa mkono unachoka, unageuza: kisu kinakaa kifuani, makali yakitazama nje, na nguvu inatoka mabegani. Ukifika mwisho wa kijiti unasogeza vidole mbele mpaka shahada iko karibu na makali, unasukuma kwa gumba la mkono wa pili. Ukikata mfuo wa kufungia kamba, kisu kinalala ubavu. Kazi ya saa moja imebadilisha mshiko mara nyingi kuliko unavyoweza kukumbuka, na mabonde yale yalikuwa yamekusudiwa mshiko mmoja tu. Katika mishiko mingine yote, matuta kati ya bonde na bonde yanakaa pale pasipotakiwa, na lile la mbele kabisa linasugua chini ya shahada mpaka lengelenge linatokea. Mpini wa Kifini umekubali kila mkao bila kelele.

Wanunuzi wa viatu vya mtumba wanalijua hili vizuri: hatua mbili juu ya boksi pale sokoni zinakwambia kiatu ni saizi yako, hazikwambii kama kitakuchubua kabla hujafika kituo cha basi. Kwa hiyo swali la kama mteja aruhusiwe kujaribu ni dogo. Kubwa ni ajaribu kwa muda gani, na kwa kazi ipi.

Katika vikundi vya wapenzi wa kambi na stadi za porini, Uingereza na Marekani, kuna desturi inayolijibu swali hilo vizuri kuliko maonyesho yoyote. Fundi anatengeneza kisu kimoja cha kuzungushwa. Watu wanajiandikisha, wa kwanza anakaa nacho siku kadhaa, anakitumia kadiri apendavyo, anaandika alichokiona, anakituma kwa posta kwa wa pili, na kuendelea hivyo mpaka kinarudi nyumbani. Kinarudi na mikwaruzo, madoa ya maji ya limau, mpini uliopauka pale mikono iliposhika sana. Kwa macho yangu kisu hicho kilichochoka ni hati bora ya usanifu ambayo fundi anaweza kuipata. Mahali mpini ulipong'aa kwa jasho ndipo watu walipokamata kwa kweli; mahali ulipobaki mkavu na mchafu, fundi alichonga kitu ambacho hakuna aliyekihitaji. Makali yaliyochimbika karibu na ncha yanamwambia kwamba watu walikuwa wakitoboa na kupekecha, na labda ncha iongezwe nyama.

Lakini desturi hiyo ina magonjwa yake, na wanaoisifu huyapitia haraka. La kwanza ni adabu. Mtu aliyeazimwa kisu bure na fundi anayemheshimu hataandika kwamba mpini ulimchubua. Ataandika kwamba "kimekaa vizuri mkononi" na kwamba ala ingeweza kubana kidogo. Ndiyo maana maoni ya kisu cha mzunguko husomeka yakifanana, na ndiyo maana ningemshauri fundi asome mikwaruzo kabla hajasoma maandishi. La pili ni kunoa. Wa kwanza amepokea kisu kikiwa kikali cha kunyoa, wa sita amepokea kilichopitishwa kwenye mawe ya watu watano wenye mikono mitano tofauti. Hawajajaribu kitu kimoja. Tiba ni rahisi ingawa inachosha: kisu kirudi kwa fundi kila baada ya mtu mmoja au wawili, kinolewe, pembe ya makali irudishwe, kiende tena. Posta inaongezeka. Ndiyo gharama ya kujua.

La tatu linahusu wale wasioshiriki kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ray Mears, mwalimu wa stadi za porini wa Uingereza, alisanifu kisu kilichotengenezwa na fundi Alan Wood, chuma cha milimita 4, makali ya bapa moja kila upande kwa mtindo wa Skandinavia. Kilikuwa zao la mtu aliyekitumia kazini, na umbo lake limeigwa na mafundi wengi mno. Watu walikipangia foleni. Jina likishafikia hapo, fundi hahitaji tena kumwachia mtu yeyote kisu cha kujaribu, maana sifa zimechukua nafasi ya jaribio na mnunuzi analipia nafasi yake kwenye mstari. Silaumu. Ila waigaji wake hawana foleni wala hawajatumia miaka porini, na wanauza umbo lile lile kwa unene ule ule kwa watu ambao mikono na misitu yao ni mingine. Waigaji hao ndio wenye haja kubwa zaidi ya kisu cha mzunguko, na wengi wao hawana.

Sheria nayo imo. Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1988, kubeba hadharani kisu kisichokunjika bila sababu ya msingi ni kosa. Kinachosamehewa ni kile kidogo cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3. Sheria ya silaha ya mwaka 2019 ikaja kubana uuzaji wa mbali wa vitu vyenye makali: umri uthibitishwe, na mzigo usikabidhiwe mlangoni kwa asiyefikisha miaka 18. Sheria hizo zimetokana na vijana kuchomana visu mitaani, na sidhani fundi wa visu ana haki ya kunung'unika sana. Zinachofanya ni kulisogeza jaribio kutoka posta hadi mahali pa watu kukutana: kambi, shamba la mtu, karakana. Kwa usanifu hiyo ni faida, kwa sababu fundi akiwa pale ataona mambo ambayo mtumiaji mwenyewe hayatambui, kama vile anavyokigeuza kisu bila kufikiri kutafuta pasipouma.

Kuhusu ile njia inayoitwa nunua, usiporidhika rudisha, sitapoteza muda mwingi. Uingereza kanuni za mwaka 2013 humpa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 za kubadili nia, ila bidhaa iliyotengenezwa kwa vipimo vya mteja imewekwa nje ya haki hiyo. Na hata pale inapowezekana, muuzaji hutaka kisu kirudi kama kilivyotoka. Yaani unaruhusiwa kukifanyia lolote isipokuwa kukata.

Kuna sehemu moja ya kisu ambayo mteja hawezi kuijaribu hata akipewa mwezi mzima, nayo ni uimara wa chuma. Chuma cha springi huchomwa mpaka sumaku isikishike, karibu nyuzi joto 770 za Selsiasi, kikaongezwa moto kidogo, kisha kikazimwa kwenye mafuta ya uvuguvugu. Hapo kinakuwa kigumu kupita kiasi na rahisi kuvunjika, kwa hiyo kinarudishwa kwenye joto la nyuzi 200 hivi mpaka uso wake ugeuke rangi ya majani makavu. Fundi akikosea hatua moja, kisu kitaonekana vile vile na kitanoleka, kisha kitakuja kuvunjika siku moja porini. American Bladesmith Society, chama cha wahunzi wa visu kilichoanzishwa Marekani mwaka 1976, huwapa wanaotaka kupanda daraja mtihani wa kulithibitisha hilo: kisu kikate kwa pigo moja kamba ya inchi 1 inayoning'inia, kikate mbao ya mbili kwa nne mara mbili, kiwe bado kinaweza kunyoa nywele za mkono, halafu kibanwe kwenye jiliwa na kupindwa nyuzi 90 bila kuvunjika. Kisu kinachofaulu mtihani huo hakiuziki tena. Mteja hawezi kuurudia kwa kisu chake, atauamini tu, au amwombe fundi avunje kimoja cha kundi lile lile mbele ya macho yake na kuonyesha chembe za chuma pale kilipokatika: laini za kijivu ni dalili njema, kubwa zinazometameta ni dalili kwamba moto ulizidi.

Kwa hiyo naona kazi imegawanyika. Chuma ni cha kuaminiwa kwa ushahidi wa fundi. Unene, ncha, mpini na ala ni vya kujaribiwa na mteja. Anayechanganya mambo haya mawili huishia kufanya vituko vinavyoonekana kwenye video nyingi, mtu akigonga kisu cha bei kubwa kwa gogo kukipitisha kwenye kuni iliyojaa mafundo, akitangaza kwamba kimefaulu. Kimefaulu nini? Kupasua kuni ni kazi ya shoka. Hakuna alichojifunza kuhusu mpini.

Sasa tuje kwetu, maana ile springi ya Packard haiko mbali na springi za malori zinazofuliwa Kamukunji, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji na kuagiza wajengewe vibanda vya kuwakinga na jua. Tanzania ilikuwa imeanzisha shirika la SIDO tangu 1973 kusaidia viwanda vidogo. Misaada ya namna hiyo hutazama zaidi paa, mashine na mikopo. Kuhusu namna chombo kinavyokutana na mkono wa mnunuzi, fundi ameachiwa mwenyewe, na hapo ana utajiri ambao wenzake wa Ulaya wanautafuta kwa posta: mteja anasimama mbele yake, anaishi jirani, na chombo kikimwudhi atarudi nacho akiwa amekunja uso.

Naamini visu vyetu bora vilitokana na kurudi huko. Simi ya Kimaasai, inayofuliwa na wahunzi wa Ilkunono, inapanuka kuelekea mbele ili uzito usaidie kufyeka, mpini wake ni mfupi na wa kawaida, umevikwa ngozi, hauna kinga. Hakuna pambo lisilo na kazi, labda wekundu wa ala. Umbo la namna hiyo linanukia miaka mingi ya watu wanaotembea nacho kutwa na kukirudisha kwa aliyekifua. Na panga la dukani, huuzwa likiwa butu. Mwenye nalo hulipiga kwa ukucha asikilize mlio, akifika nyumbani hulitia tupa mwenyewe, kila mtu kwa pembe anayoijua. Mnunuzi wetu hajawahi kuzoea kupokea chombo kilichokwisha kila kitu. Mkulima hununua mpini wa jembe akajikalia chini ya mti na kigae cha chupa, akaukwangua pale unapochoma kiganja, kesho akaujaribu, keshokutwa akaukwangua tena.

Ndiyo maana nashangaa kuona fundi kijana anayetaka kuwauzia waongoza watalii na wapanda milima akianza kwa kuiga visu vya kwenye simu, na mabonde yake ya vidole na meno ya gumba, wakati kigae cha chupa kiko pale pale. Kama ningekuwa na karakana ningeuza kisu kwa hatua mbili. Chuma kimalizwe kabisa, msuka, ule mkia wa chuma unaoingia kwenye mpini, upite mpini mzima mpaka mwisho, lakini mpini uachwe mnene milimita mbili tatu kuliko unavyotakiwa, bila mafuta wala vanishi. Mteja aache amana, aende nacho wiki mbili za kazi, si za kukionyesha kwa rafiki. Akwangue anapochubuliwa, au apigie alama za penseli kama hajiamini. Akirudi, fundi anasoma alama, anamaliza kwa msasa na mafuta, na salio linalipwa. Asiporidhika, mpini unatolewa, unawekwa mwingine, chuma kinamngoja mtu mwingine. Wafanyabiashara wetu wamekuwa wakipeana mzigo kwa mali kauli tangu zamani, wakilipana baada ya kuuza. Kumwamini mtu na kisu kimoja dhidi ya amana ya nusu bei si jambo geni.

Itakuwa na hasara? Itakuwa nayo. Wako watakaopotea na kisu, wako watakaokirudisha ncha imekatika kwa kufungulia kopo la rangi. Amana ndiyo kazi yake hiyo. Na kuna njia ya bei ndogo zaidi kwa anayeanza: achonge mipini mitatu ya mti mtupu, mwembamba, wa kati na mnene, kila mmoja ukiwa na kipande cha bati butu mbele, ampe mteja akae nayo siku nzima akishika kamba, akisogeza vyungu, akichokoa moto. Mti wa mabaki haugharimu kitu, na hakuna askari wa kukuuliza umebeba nini kiunoni. Msimu mzuri wa kukopesha visu halisi ni siku chache kabla ya Idi ya kuchinja, pale kila nyumba inapotafuta kisu na jiwe la kunolea. Mchuna ngozi aliyemaliza mbuzi watatu asubuhi moja atakupa maoni bila adabu yoyote ya kukubembeleza. Wanasiasa wameutumia ule msemo wa mwenye kisu kikali na nyama mpaka umebutuka, lakini mchunaji atakwambia kwamba nyama ya tatu huliwa na mwenye mpini usioteleza kwa mafuta.

Liko jambo moja ambalo hata kisu cha mzunguko hakilitatui kama fundi hatalikusudia. Mafundi wengi wa visu ni wanaume wenye viganja vipana vilivyokomazwa na nyundo, na kila mmoja hupima mpini kwa mkono alionao. Marafiki anaowapa wajaribu nao ni wa aina hiyo hiyo. Mwanamke anayeongoza wageni mlimani, au kijana mwenye vidole vyembamba, atapokea mpini ambao vidole vyake havikutani na kiganja, naye atadhani ni yeye dhaifu. Mtu wa mashoto atapata ala iliyoshonewa nyonga ya kulia na mpini uliovimbishwa upande mmoja kulifuata gumba lisilo lake. Ningetaka orodha ya wajaribu ianze na hao, kabla ya mashabiki; na kwenye ile mipini mitatu ya mti ningeongeza wa nne, uliochongwa na mtu wa mashoto kwa mkono wake mwenyewe, fundi akiwa ameketi pembeni bila kushika tupa.